Mikahawa Yenye Kiu

Nilikuwa barazani kwangu Njoro nachambua mchele Aurelia aliponipigia simu kutoka Bomang'ombe kunieleza kwamba mama yake amefariki. Nilimpa pole, nikamuuliza mazishi ni lini, nikakata simu, nikarudi kwenye ungo wangu. Nilichambua mchele ule mpaka punje ya mwisho, ndipo nikalia. Siku tatu baadaye nilipanda mlimani kumzika. Walimzika ndani ya kihamba chake, shamba la nyumbani, katikati ya migomba na mikahawa, kama ilivyo desturi ya Wachagga, nami nilisimama nyuma ya akina mama wa kanisani nikiwa nimejitanda mtandio wangu, Mwislamu peke yangu, ila pale hakuna aliyenishangaa maana wamenizoea tangu nikiwa msichana. Ikafika zamu ya ukoo kutoa neno. Wajukuu wawili wakamsimamisha Mzee Deo, kaka wa marehemu mume wake, mzee anayekaribia miaka tisini. Akasema kwa sauti ambayo ilikuwa bado na nguvu kuliko miguu yake: "Huyu mama alinizidi. Tuligombana, tukakaa miaka mitatu bila salamu. Mimi mwanamume, mimi mkubwa wa ukoo, nikakaa na hasira yangu. Yeye ndiye aliyetangulia kuniomba amani." Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Kati ya wote waliokuwa pale, nilikuwa mtu pekee aliyejua kwamba marehemu hakuwahi kumwomba Mzee Deo chochote. Niliyeomba ni mimi, kwa jina lake, bila yeye kunituma, na bila mimi mwenyewe kujua ninachofanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza chuo cha kilimo, na wakanipangia mwaka mmoja wa majaribio chini ya bwana shamba wa kata moja kule juu. Kutoka Njoro si mbali, ukisimama mahali pazuri unaona paa la stesheni ya kwetu, lakini kwangu ilikuwa nchi nyingine. Mimi ni mtoto wa mtu wa reli aliyetoka Tabora. Mlima niliuona kila asubuhi ya maisha yangu kama mtu anavyoona ukuta wa jirani, sikuwahi kufikiri kuna watu wanaoishi juu yake wakiniona mimi kwa chini. Bwana shamba akanitafutia chumba kwa Mama Aurelia, mjane ambaye binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa karibuni, wadogo zake wawili wako shule za bweni, kitanda kipo bure. Wakati ule nilimwona mama mzee kabisa. Nikipiga hesabu leo, alikuwa hajafika hamsini, na mimi sasa nimempita mbali.

Chumba changu kilikuwa cha mbao, kimetengwa na cha kwake kwa ukuta ambao haukufika darini. Chini ya kitanda palikuwa na magunia mawili ya kahawa kavu, kwa hiyo nililala mwaka mzima nikinusa kahawa, na ajabu ni kwamba katika nyumba ile hatukuinywa hata siku moja, tulikunywa chai. Ukutani palikuwa na kalenda ya parokia na picha ya marehemu mume wake akiwa amevaa suti inayombana mabega. Jioni ya kwanza alinipeleka jikoni, kibanda cha nyuma chenye mafiga matatu na moshi unaotoka popote unapopenda, akanionyesha sufuria jipya lililoning'inizwa peke yake. "Hili ni lako," alisema. "Halijawahi kuona nguruwe na halitamwona." Humo akanipikia mtori wa ndizi na nyama aliyoinunua makusudi bucha ya Mwislamu, akakaa kwenye kigoda akinitazama ninavyokula, akaniuliza kama ni mzito mno. Ulikuwa mzito. Nilisema hapana, nikamaliza bakuli mbili. Mpaka leo mtori mwepesi nauona kama maji ya kunawia.

Kutoka kwenye ukuta ule usiofika darini ndiko nilikojulia mengine yote. Mama hakunieleza mambo yake, lakini Jumapili mchana baada ya misa walikuja wenzake wawili wa kwaya, wakakaa chumbani kwake, wakasema Kichagga pale palipokuwa pa siri na Kiswahili pale walipokasirika, nami kwa bahati niliwapata wakati wa hasira nyingi. Mume wake alipofariki, zamu ya maji ikabaki bila mwanamume. Maji ya mashamba kule yanatoka juu msituni kwa mfereji, wenyewe wanauita mfongo, na kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kuusafisha kabla ya kiangazi. Kazi hiyo ni ya wanaume. Mama Aurelia, asiye na mtoto wa kiume, alikwenda mwenyewe na jembe lake. Mzee Deo ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfongo, akamrudisha mbele ya watu, kwamba mwanamke hafiki kwenye chanzo cha maji. Mwaka uliofuata akasema nyumba ile imekosa kazi mara mbili, akaziba tawi la mfereji linalokwenda kwa shemeji yake. Akaziba kwa mkono wake mwenyewe. "Nikifa," nilimsikia mama akiwaambia wenzake, "Deo asishike udongo wa kaburi langu." Mwezi uliopita, kwenye mazishi, nilimwona Mzee Deo akiinama kwa shida, akishikwa huku na huku, akawa wa kwanza kutupa udongo ule, na binti za mama wakamsaidia kuufikisha.

Vidudu niliwakuta wameshaanza kazi. Ilikuwa Juni, baridi ile ya ukungu ambayo nguo zilizoanikwa asubuhi unazikuta jioni zina maji zaidi. Katika kihamba cha mama, matawi ya mikahawa yalikuwa yakikauka kuanzia nchani, majani yanageuka ya kahawia na kubaki yamening'inia. Mama alidhani ni baridi. Nilishika tawi, nikaona tundu dogo, kama limetobolewa na sindano ya kushonea magunia, na mdomoni mwa tundu kuna unga mweupe. Kwenye mringaringa mkubwa uliokuwa ukiipa mikahawa kivuli, matundu yalikuwa mengi na unga ulikuwa umetoka umekakamaa kama vipande vya tambi, ukigusa unavunjika. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliyasoma haya kwenye kitabu mwaka mzima, sasa nayaona kwa macho yangu kwenye shamba la mtu anayenilisha. Nilikimbia kumwita bwana shamba kama mtu anayekwenda kutangaza harusi.

Bwana shamba alikuwa mtu mpole, mwembamba, Mlutheri wa Machame, aliyevaa sweta lile lile mwaka mzima. Alipasua tawi kwa kisu, akatuita tusogee. Ndani palikuwa na njia nyembamba, kuta zake nyeupe kama zimepakwa chokaa, na humo kidudu mmoja mweusi asiyezidi punje ya ulezi. "Mnaona huu weupe? Ni ukungu," alisema. "Huyu hali mti. Anakuja na mbegu za ukungu mwilini mwake, anatoboa, anaupanda, watoto wake wanaula huo. Mti unakufa kwa sababu ya shamba lake." Mama Aurelia alichukua lile tawi, akaliangalia muda mrefu. "Kwa hiyo ni mkulima mwenzangu," alisema. "Amekuja kufungua kihamba ndani ya kihamba changu." Bwana shamba akacheka, kisha akawa hana tena cha kuchekea. Akaeleza kwamba vidudu hawa hawapendi mti wenye afya. Mti ukiwa na kiu unatoa harufu kama ya pombe, wao wanainusa kutoka mbali na kuifuata. Tukate matawi yote yenye matundu, tuchome moto, lakini tukikata bila kutia maji ni kujichosha, kwani kiangazi kinaanza na mikahawa hii tayari imeshakonda. "Tia maji, mama. Hiyo ndiyo dawa." Mama akamrudishia tawi mkononi taratibu. "Bwana shamba," alisema, "niombe kingine."

Kingine ndicho tulichokifanya, na tulikifanya kwa bidii ya watu wanaojua hakitoshi. Tulikata matawi. Kuyachoma ikawa vita nyingine, kwa sababu katika maisha yake yote Mama Aurelia hakuwahi kuchoma kitu kilichoota shambani. Majani ni ya mbuzi, mabua ni ya ng'ombe, vijiti ni kuni, na kilichobaki kinawekwa chini ya migomba. Mara mbili nilimkuta akiyapanga matawi yenye vidudu nyuma ya jiko, eti yatakauka vizuri. Tukatega pia mitego. Kwa kuwa kidudu hufuata harufu ya pombe, bwana shamba alitufundisha kukata madirisha kwenye madumu madogo, kutia humo pombe kali na maji ya sabuni, na kuyaning'iniza kwenye miti. Pombe kali iliyokuwapo ni gongo. Kwa hiyo mimi, binti wa Kiislamu mwenye mtandio kichwani, nilitumwa kwa mama mmoja kule bondeni kununua chupa ya gongo, nikairudisha ndani ya kapu chini ya majani ya mgagani, nikamsalimia katekista njiani kwa adabu zote. Wiki ya kwanza tulikamata vidudu wa kujaza kijiko. Wiki ya pili madumu matatu yalikutwa makavu kabisa, sabuni na vidudu pamoja, na jirani mmoja akalala siku mbili akiendesha. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu. Kila alfajiri alikuwa akishuka mtoni na ndoo kichwani, mara sita, mara saba, kuinywesha mikahawa ambayo mume wake aliipanda, na ndoo moja kwa mkahawa mmoja wakati wa kiangazi ni mate tu. Nilibeba naye. Shingo yangu ilivimba nikaacha siku mbili, yeye hakuacha.

Siku niliyofanya kosa langu ilikuwa siku ya gulio. Mama alikuwa amekwenda kuuza ndizi, na mimi nilibaki nikipaka alama nyekundu kwenye kila mkahawa wenye matundu ili bwana shamba akija Alhamisi ajue pa kuanzia. Nilifika mpakani. Mpaka wa vihamba kule ni mstari wa mimea mirefu yenye majani kama mikanda, na ng'ambo yake ni kwa Mzee Deo, ambako maji yalikuwa yanapita mchana kutwa na mikahawa ilikuwa imenona. Nikataka kujua kama vidudu wamevuka. Nikavuka mimi. Mikahawa yake yote ilikuwa mizima isipokuwa mmoja mzee, karibu kabisa na njia ya kwenda mlangoni kwake, ambao ng'ombe waliuchubua gome kwa kujikuna. Huo ulikuwa na matundu manne. Nilitaka kuutia alama na rangi ilikuwa imekwisha. Nikarudi pale mpakani, nikachuma jani moja refu, nikalizungusha kwenye shina, nikafunga fundo zuri sana, usawa wa macho, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kuliona. Nikaenda zangu kupika, nimeridhika na kazi yangu.

Mimea ile ni masale. Wachagga wanaipanda mpakani na makaburini, na mtu aliyekosana na mwenzake akitaka kuomba msamaha, humpelekea jani la isale lililofungwa fundo. Anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama kosa ni la damu. Mtoto wa miaka mitano kule juu anajua. Mimi nilikuwa na cheti cha kilimo, nilijua jina la kidudu kwa Kilatini, na hili sikulijua, na hakuna aliyefikiri kunieleza kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuna mtu asiyejua.

Mzee Deo alikuja jioni ile ile, jua bado lipo. Mama alikuwa amerudi kutoka gulioni, tumekaa jikoni, anaponda kiburu, ndizi na maharage ya jioni. Nilimwona mzee akitokea kwenye migomba amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. Miaka mitatu mguu wake haukukanyaga pale. Mama akasimama na mwiko mkononi. "Shemeji," alisema Mzee Deo, na sauti haikumtoka vizuri, ikabidi aanze tena. "Shemeji, nimeiona. Nimeipokea." Akatoa jani langu kutoka mfuko wa koti, na fundo langu bado lipo. "Ilikuwa juu yangu mimi kuja kwanza. Umenitangulia, na Mungu ameona. Kesho asubuhi naenda kuzibua mfereji." Mama alilitazama jani, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakashuka mpaka kwenye vidole vyangu vilivyojaa rangi nyekundu. Nilichokisikia ni sauti yake ikisema kwa utulivu, "Karibu chakula, baba." Wakala. Alimpakulia mwanzo, kama inavyotakiwa. Alikunywa mbege yake funda moja. Walizungumza habari za bei ya mbolea na ugonjwa wa padri, na mimi nikakaa nimeshika sahani yangu, nikijua nimefanya jambo kubwa lakini sijui ni lipi.

Alipoondoka, mama aliosha mikono, akaifuta, akaniambia, "Zuhura, kaa hapa." Akanieleza maana ya isale kwa maneno machache. Sikuwahi kumwona amekasirika namna ile. Hakupaza sauti hata kidogo. "Miaka mitatu nabeba maji kichwani," alisema. "Watu wa kanisani waliniambia, mpelekee isale, mtapatana. Nikasema nani kamkosea nani? Nikanyamaza, nikabeba ndoo zangu. Lile ndilo jambo pekee nililobakiwa nalo, mwanangu, kwamba sikuomba msamaha kwa kosa lisilo langu. Leo umeniombea." Nikalia, nikamwambia nitafanya lolote. "Asubuhi utakwenda kumwambia. Umwambie ni wewe, ulikuwa unatia alama ya vidudu. Akitaka kuziba tena, azibe. Mikahawa ikifa, ife na heshima yangu ikiwepo." Usiku ule, kupitia ule ukuta, sikusikia rozari yake.

Nilikwenda alfajiri, nimekariri maneno yangu kama mtoto anayekwenda kuungama. Nilimkuta Mzee Deo kule juu ambako tawi la mfereji linaachana na mfereji mkubwa, peke yake, amekunja suruali, amesimama kwenye maji ya barafu mpaka magotini, anang'oa mawe na udongo na magogo ya migomba aliyoyashindilia mwenyewe. Alikuwa akizungumza Kichagga na mtu ambaye hayupo. Nililishika jina la mdogo wake, marehemu mume wa mama, na nililisikia mara nyingi. Aliponiona hakujifuta uso. "Njoo uone, binti wa Njoro," alisema. "Kila siku nilikuwa napita hapa nimegeuza shingo. Nilishindwa kurudi nyuma. Ningeanzia wapi, na watu wote waliniona nikiziba?" Akavuta jiwe la mwisho. Maji yakasita, yakaingia kwenye mfereji mkavu, yakaanza kusukuma majani ya miaka mitatu mbele yake. Nilifungua mdomo. Nimeyafikiria mara nyingi maneno yale niliyoyakariri, yalikuwa kumi au kumi na mawili tu. "Ulitumwa?" aliniuliza. Nikasema, "Mama anakusalimia, baba."

Nilishuka sambamba na maji. Yalikwenda polepole kwa sababu ardhi ilikuwa inayanywa, na mimi nikapunguza mwendo nisiyatangulie, nikitafuta la kusema. Mama alikuwa amesimama mwisho wa mfereji na jembe. "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. "Yote? Kwamba mimi sikutuma?" Yote, nikasema. "Naye akasemaje?" "Hakusema kitu, mama. Ameendelea kuzibua." Maji yakafika miguuni pake. Akakaa chini, palepale kwenye ukingo, mtu ambaye nilimjua miezi sita na sikuwahi kumwona akikaa bila kazi mkononi, akafunika uso na kanga. "Amejua sikuomba, na bado amefungua," alisema. "Basi kweli ni ndugu yake mume wangu." Hivyo ndivyo nilivyowadanganya wote wawili kabla ya saa tatu asubuhi.

Mikahawa haikupona yote. Mringaringa ulikufa upande mmoja na tukaukata, na karibu theluthi ya mikahawa tuliikata mpaka kwenye kisiki, ambayo Novemba ilichipua upya, machipukizi manene ya kijani ambayo mama alinipeleka kuyaona moja baada ya jingine. Vidudu walipungua, kama bwana shamba alivyosema. Mwisho wa mwaka nikahamishiwa Kahe, kwenye mpunga, lakini kila Krismasi nilipanda kule juu, na nikawakuta wale wawili wamekaa pamoja. Msimu wa kusafisha mfongo, Mzee Deo alimtuma mtoto wake afanye kazi ya nyumba mbili. Alipoanguka akavunjika nyonga, mama alimpikia mtori miezi miwili, akavuka nao mpaka wa masale kila mchana na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. Yeye alikuwa mwema kwa mtu aliyefungua maji bila kuombwa. Mzee alikuwa mwema kwa mtu aliyeomba bila kuwa na kosa. Kila mwaka nilikwenda nimeazimia kusema, na kila mwaka niliwakuta wakitaniana, nikajiambia mwakani. Nilijiona mwoga. Bado najiona.

Baada ya mazishi watu walikula. Mzee Deo alikuwa amewekewa kiti nyuma ya nyumba, karibu na mikahawa, akanipungia fimbo. Nina wajukuu, lakini kwake bado ni binti wa Njoro. Nikamwamkia, nikakaa kwenye benchi. "Wewe ulikuwa unaishi naye mwaka ule," alisema. "Nimetaka kukuuliza siku zote, nikaona aibu, yeye akiwa hai. Siku aliyoileta isale, alisema nini? Alikuwa na hasira? Alilia?" Ningeweza kumpa maneno yoyote, na angeyachukua. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona Mama Aurelia akishushwa ardhini na sifa ya mwanamke aliyeomba msamaha, sifa ileile aliyoikataa miaka mitatu kwa shingo yake, na ni mimi niliyemvika. Nikamwambia Mzee Deo kila kitu: matundu manne, rangi iliyokwisha, fundo, mama alivyonituma, na nilivyomkuta ndani ya maji nikashindwa. Nilimwambia pia niliyomjibu mama.

"Kwa hiyo ule mtori," alisema mzee, "miezi miwili, alikuwa akimletea mtu aliyefungua maji kwa moyo wake."

"Ndiyo, baba."

"Mtu huyo hakuwa mimi." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma jina lake kwenye karatasi. "Ungeniambia asubuhi ile, ningeziba tena. Watu wakisikia nimekwenda na kibuyu kwa mwanamke ambaye hakuniita? Ningeziba siku ileile, na mawe makubwa zaidi." Akanitazama. Nilingoja anilaumu, nilikuwa nimengoja lawama hiyo karibu miaka arobaini na ningeipokea kwa mikono miwili. Badala yake akanyoosha mkono nimwinue.

Nikampeleka mpaka kaburini. Watu walikuwa bado kwenye chakula. Akavua kofia, akaushika msalaba mpya wa mbao asianguke, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimwita mama kwa jina lake la ubatizo, Klementina, si shemeji, si Mama Aurelia. Halafu akaingia kwenye Kichagga. Nikaondoka hapo, nikaenda kusimama mbali kwenye migomba, mahali ambapo ningemwona akiyumba lakini nisingesikia, maana safari hii maneno yake alikuwa ameyapeleka mwenyewe.